Mangapi au wangapi? Mtego wa hesabu za kupanga watu kwenye makundi

Ndugu Mhariri,

Kila inapokaribia Septemba, mwezi wa mtihani wa darasa la saba, vitabu vya mazoezi na kurasa za magazeti hujaa hesabu za mafumbo. Miongoni mwake haikosi ile ya watu wanaopangwa kwenye makundi: wanafunzi kwenye madawati, abiria kwenye mabasi, wachezaji kwenye timu, wageni kwenye masinia. Kwa macho ni hesabu nyepesi kuliko zote. Hata hivyo huwaangusha watoto wanaogawanya kwa njia ndefu bila kukosea tarakimu moja, kwa sababu kosa halianzii kwenye kugawanya, linaanzia kwenye kusoma. Tunaomba nafasi tuonyeshe mtego ulipo na namna ya kuutegua. Tunawaandikia wazazi wanaokaa na watoto jioni, na zaidi watunzi wa maswali, kwa kuwa Kiswahili chenyewe kimeshatoa ufunguo ila darasani haufundishwi.

Tuanze na sentensi iliyozoeleka: "Wanafunzi 48 waligawanywa kwa 6." Mtoto anaandika 8, anahamia swali linalofuata. Nane nini? Huenda ni makundi sita na kila moja lina wanafunzi wanane. Huenda ni makundi manane ya wanafunzi sita sita. Tarakimu ni zilezile, lakini mwalimu anayetoka stoo na mpira mmoja kwa kila kundi atajua tofauti akifika uwanjani. Neno "kwa" hapo limebeba maana mbili na halisemi ni ipi inayotakiwa.

Katika mazungumzo hakuna anayechanganya. Ukiambiwa "wapange sita sita", umepewa ukubwa wa kundi. Ukiambiwa "wapange makundi sita", umepewa idadi ya makundi. Kurudia namba ndiko kunakotenganisha maana hizi mbili, na mtoto anakujua tangu chekechea, anapoambiwa watembee wawili wawili. Viambishi navyo hufanya kazi hiyohiyo: "wanane" ni watu, "manane" ni makundi, "minane" ni mistari. Shida huanza namba inapoandikwa kwa tarakimu. 8 ikishakaa kwenye karatasi imevuliwa kiambishi chake, imebaki haina mwenyewe. Tena ziko namba ambazo hata zikiandikwa kwa maneno hazisaidii, maana sita, saba, tisa na kumi hazipokei kiambishi kabisa. Watu sita, makundi sita, mistari sita, yote ni sita. Swali lenye 6 au 7 linahitaji uangalifu zaidi kuliko lenye 5 au 8, na hili hatujaona likisemwa darasani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kugawanya. Ni kusoma swali kwa sauti, kila tarakimu ikitamkwa pamoja na kitu chake: si "arobaini na nane gawanya kwa sita", bali "wanafunzi arobaini na wanane, sita sita". Hatua ya pili ni kupiga mstari chini ya neno lenye -ngapi. "Wangapi" ni watu wanaoulizwa. "Mangapi" ni makundi, mabasi, madawati. "Vingapi" ni vikundi au viti. "Ngapi" tupu ni timu, safari, nafasi. Kisha, kabla ya kukokotoa chochote, mtoto aandike sentensi ya jibu ikiwa na pengo: "Makundi yatakuwa ____." Sentensi ikitangulia, hesabu hulazimika kuifuata. Ikiachwa mwisho, mtoto huandika namba aliyoipata kisha akaitafutia jina, na mara nyingi jina analoipa ni lile lililotajwa mwisho kwenye swali.

Wako wanaofundisha njia ya mkato ya maneno dalili: ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "walibaki" toa, ukiona "kila" gawanya. Tunaipinga waziwazi. "Kila kundi lina watu 8 na makundi ni 6, watu wote ni wangapi?" Kuna "kila", na kazi ni kuzidisha. "Watu 48 wamepangwa, kila kundi watu 8, makundi ni mangapi?" "Kila" ni ileile, kazi ni kugawanya. Kinachoamua ni kipi hakijulikani kati ya vitu vitatu: jumla ya watu, idadi ya makundi, au ukubwa wa kundi. Achore visanduku vitatu, ajaze viwili alivyopewa, na kitakachobaki kitupu kitamwambia kazi yenyewe. Jumla ikikosekana, zidisha. Kimoja kati ya vile viwili kikikosekana, gawanya jumla kwa kile ulichonacho. Mtoto aliyezoea kuokota namba na kuzifanyia kitu atafanya hivyo hata pasipo na swali. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule ya msingi: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi walizichanganya namba hizo, wakampa nahodha umri.

Sasa baki. Hapa ndipo panapopoteza alama nyingi zaidi, na hata watu wazima hujikwaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika tathmini ya kitaifa ya hisabati nchini Marekani, watoto wa miaka 13 waliulizwa hivi: basi la jeshi linabeba askari 36, na askari 1,128 wanapelekwa kwenye mazoezi, je, yanahitajika mabasi mangapi? Asilimia 70 hivi waligawanya sawasawa na kupata 31 baki 12. Lakini asilimia 29 waliliacha jibu hivyohivyo, "31 baki 12", kana kwamba kuna basi linaloitwa baki 12. Asilimia 18 waliandika 31, wakawaacha askari 12 kambini. Waliosema mabasi 32 ni asilimia 23 tu. Hesabu ilifanyika vizuri, swali halikujibiwa.

Baki huenda njia mojawapo kati ya nne, na ni swali linaloamua, si kanuni ya kukadiria namba ambayo mtoto amekariri kwamba tano na kuendelea hupanda. Njia ya kwanza ni kuongeza kundi. Wageni 230 wanaokula sinia moja watu sita: 230 ÷ 6 ni 38 baki 2, na mpishi wa shughuli yeyote atapakua masinia 39, maana wale wawili hawawezi kuambiwa warudi kwao na njaa. Baki ni 2 tu, wala halifiki nusu ya kundi, lakini jibu limepanda. Mabasi, mitumbwi, madawati, mahema na vyumba vya bweni ni vya njia hii. Njia ya pili ni kuliacha. Wanafunzi 95 wanaunda timu za netiboli za wachezaji saba saba: 95 ÷ 7 ni 13 baki 4, na timu kamili ni 13. Wanne si timu. Hata wangebaki sita, bado timu zingekuwa 13, kwa kuwa netiboli ya wachezaji sita haiingii mashindanoni kama timu kamili. Njia ya tatu ni baki lenyewe kuwa jibu, pale swali linapouliza "wangapi watakosa timu?" Njia ya nne ni kulisambaza ndani ya makundi yaliyopo, nayo tutaieleza kwa urefu maana ndiyo inayotumika zaidi katika maisha na ndiyo isiyopewa nafasi vitabuni.

Kabla ya hapo, jambo moja dogo: watu hawana desimali. 230 ÷ 6 kwenye kikokotoo hutoa 38.333, na mtoto akiandika kwamba masinia ni 38.3 amekosa, hata kama mashine imesema hivyo. Kilo za mchele zinaweza kuwa 38.3. Sinia la sehemu tatu za kumi halipo.

Tuje kwenye kusambaza. Watu 137 wanagawanywa kwenye makundi tisa yanayokaribiana kadiri inavyowezekana. 137 ÷ 9 ni 15 baki 2. Kosa la kawaida ni kuwatupa wote wawili kwenye kundi la mwisho, likawa na watu 17 wakati mengine yana 15. Kanuni ni kwamba baki linakuambia idadi ya makundi yatakayoongezewa mtu mmoja mmoja. Baki ni 2, basi makundi mawili yana watu 16, na makundi saba (9 toa 2) yana watu 15. Hakiki: 2 × 16 ni 32, 7 × 15 ni 105, jumla 137. Kwa kuwa baki siku zote ni dogo kuliko kigawanyaji, hakuna kundi litakaloongezewa watu wawili. Mtoto akijikuta anaongeza wawili kwenye kundi moja, ajue amegawanya vibaya.

Swali gumu zaidi, ambalo tungependa kuliona mara nyingi kwenye mitihani, ni lile la mipaka. Darasa lina wanafunzi 68. Kila kundi lisipungue watu watano na lisizidi saba. Makundi yanaweza kuwa mangapi? Hapa mtoto anagawanya mara mbili na kukadiria kwa njia mbili zinazopingana. Makundi machache kabisa hupatikana yakijazwa hadi saba: 68 ÷ 7 ni 9 baki 5, na kwa kuwa watano hao lazima wapate mahali na kundi halizidi saba, makundi hayawezi kuwa chini ya 10. Mengi kabisa hupatikana yakiwa madogo: 68 ÷ 5 ni 13 baki 3, na watatu hawatoshi kuunda kundi, hivyo makundi hayazidi 13. Jibu ni 10, 11, 12 au 13. Upande mmoja tumepanda, upande mwingine tumeshuka, ndani ya swali moja. Anayefundisha kwamba "baki ukiliona ongeza moja" atapata 14, na makundi 14 ya watu watano watano yanahitaji watu 70, ambao hawapo. Kwa makundi 10, manane yatakuwa na watu saba na mawili watu sita: 56 na 12, jumla 68. Kwa makundi 13, matatu yatakuwa na sita na kumi yatakuwa na watano: 18 na 50.

Kwenye kigawo kikubwa cha shirika, KKS, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawa namba zilizotolewa bila baki, mkanganyiko wa "wangapi" na "mangapi" unakomaa kabisa. Tazama maswali mawili yenye namba zilezile.

La kwanza: wavulana 72 na wasichana 90 wanapangwa kwenye makundi yaliyochanganyika. Makundi yote yalingane kwa idadi ya wavulana na yalingane kwa idadi ya wasichana, asibaki mtu. Makundi mengi kabisa yanayowezekana ni mangapi? Tunavunja: 72 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3, na 90 ni 2 × 3 × 3 × 5. Namba tasa zinazopatikana pande zote mbili ni 2, 3 na 3, hivyo KKS ni 18. Makundi ni 18, na kila moja lina wavulana wanne na wasichana watano, yaani watu tisa.

La pili: wavulana haohao 72 na wasichana haohao 90, lakini safari hii wavulana peke yao na wasichana peke yao. Makundi yote yalingane kwa ukubwa, asibaki mtu. Kundi moja litakuwa na watu wangapi kwa wingi kabisa? KKS ni ileile 18, ila sasa 18 ni watu. Wavulana wanatoa makundi manne, wasichana matano, jumla makundi tisa.

Kwa hiyo 18 na 9 zimebadilishana viti. Swali la kwanza lina makundi 18 ya watu tisa tisa, la pili lina makundi tisa ya watu 18. Uhakiki wa kuzidisha hauwezi kumwokoa mtoto hapa, maana 18 × 9 ni 162 kwa vyovyote vile. Kinachomwokoa ni kujiuliza: ni kitu gani kinachotakiwa kugawa 72 na 90 bila baki? Makundi yakichanganyika, wavulana wote wanatawanywa kwenye makundi yote, na wasichana vivyo hivyo. Basi idadi ya makundi ndiyo inayogawa. Makundi yakitengwa, kila upande unakatwa vipande vya ukubwa uleule. Basi ukubwa wa kundi ndio unaogawa. Mwalimu anayefundisha kwamba "KKS ni idadi ya makundi" anasema kweli nusu ya siku.

Kosa jingine la hapohapo ni kujumlisha kwanza. 162 hugawanyika kwa 27, makundi 27 ya watu sita sita, nayo ni mengi kuliko 18! Lakini wavulana 72 hawawezi kutawanywa sawasawa kwenye makundi 27. Pale swali linapotaja aina mbili za watu, kuzijumlisha kabla ya wakati ni kufuta sharti.

Kigawe kidogo cha shirika, KDS, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zilizotolewa bila baki, huja pale jumla ya watu inapofichwa. Watoto wakijipanga wanne wanne anabaki mmoja, watano watano anabaki mmoja, sita sita anabaki mmoja. Ni zaidi ya 150 na hawafiki 200. Ni wangapi? Mtoe pembeni huyo mmoja msumbufu, na waliobaki wanagawanyika kwa 4, 5 na 6 bila baki. KDS ni 60. Vigawe vyake ni 60, 120, 180, na ndani ya mipaka ni 180 peke yake. Mrudishe yule mmoja: 181. Anayezidisha tu 4 × 5 × 6 hupata 120, kisha 121 na 241, akasema swali halina jibu. 120 ni kigawe cha shirika, ila si kidogo. Ukibadilisha kidogo, wanne wanne wabaki watatu, watano watano wabaki wanne, sita sita wabaki watano, mabaki hayalingani tena na mtoto huchanganyikiwa. Aangalie upande wa pili: kila mara amepungua mmoja kundi likamilike. Mwongeze mtu wa kufikirika, fika 180, kisha mwondoe: 179. Watunzi wa maswali, hapa pana tahadhari yenu. Mkiandika "zaidi ya 100 na hawafiki 200", swali hili la pili lina majibu mawili, 119 na 179, na mtoto aliyepata la kwanza atanyimwa alama kwa kosa la mtunzi.

Mabaki yakitofautiana bila mpangilio, darasa la saba linaweza kuyapata kwa kuorodhesha. Fumbo la mwanahisabati Sunzi, la China ya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, linasema vitu vikihesabiwa vitatu vitatu vinabaki viwili, vitano vitano vinabaki vitatu, saba saba vinabaki viwili. Kwa 3 na kwa 7 baki ni lilelile, 2, kwa hiyo namba ni 2, 23, 44, 65, 86. Ipi ukiigawa kwa 5 inabaki 3? Ni 23.

Turudi kwenye upatanisho wa maneno, maana mfano mzuri kuliko yote ni wa mabenchi. "Wanafunzi wakikaa watano watano kwenye benchi, wanne wanakosa nafasi. Wakikaa sita sita, mawili yanabaki matupu. Wanafunzi ni wangapi?" Mawili nini? Ma- inasema mabenchi. Tuite idadi ya mabenchi b. Kwanza wanafunzi ni 5b + 4. Pili, mabenchi yaliyotumika ni b − 2, kwa hiyo wanafunzi ni 6(b − 2), yaani 6b − 12. Zilinganishe: 5b + 4 = 6b − 12, b ni 16, wanafunzi ni 84. Hakiki: mabenchi 14 mara sita ni 84. Sasa badilisha silabi chache: "Wakikaa sita sita, mbili zinabaki tupu." Mbili ni nafasi, si mabenchi. Mlinganyo unakuwa 5b + 4 = 6b − 2, b ni 6, wanafunzi ni 34. Kutoka 84 hadi 34 kwa sababu ya "mawili yanabaki" na "mbili zinabaki". Kosa la kuandika 6b − 2 kwenye swali la kwanza limeenea kiasi kwamba mwalimu anaweza kulitabiri kabla ya kukusanya madaftari, na tiba yake ni mabano: benchi tupu linaondoa watu sita, nafasi tupu inaondoa mtu mmoja.

Pia wako watu ambao swali halikuwataja waziwazi. Watoto 140 wanakwenda safari ya mafunzo, kila watoto 10 na mlezi mmoja, basi lina nafasi 35 za abiria. 140 ÷ 35 ni 4 kamili, jibu safi lisilo na baki, na ni kosa. Walezi ni 14, wasafiri ni 154, 154 ÷ 35 ni 4 baki 14, mabasi ni matano. Hesabu inayotoka bila baki humpa mtoto raha, na watunzi wajanja wanaijua raha hiyo.

Kwenye kukokotoa kwenyewe hatutakaa sana. Makosa matatu yanatosha kuangaliwa. Sifuri ya katikati: 615 ÷ 6 ni 102 baki 3, lakini wengi huandika 12 baki 3 kwa kuwa walishusha 1, wakaona haigawanyiki kwa 6, wakashusha 5 bila kuandika 0 juu. Baki kubwa kuliko kigawanyaji: 68 ÷ 6 si 10 baki 8, maana ndani ya nane mna kundi jingine la sita. Na desimali kusomwa kama baki: kikokotoo kinasema 102.5, mtoto anaandika baki 5. Baki halisi ni 0.5 × 6, yaani 3. La pili hukamatwa kwa kuangalia kama baki ni dogo kuliko kigawanyaji. La kwanza na la tatu hukamatwa na mstari mmoja wa uhakiki, makundi mara ukubwa, jumlisha baki, ulinganishe na jumla ya watu. 12 × 6 jumlisha 3 ni 75, mbali kabisa na 615.

Kwa wa sekondari tuongeze neno moja. "Makundi mangapi" na "kwa njia ngapi" ni maswali ya milima tofauti. Watu sita wakipangwa wawili wawili, makundi ni matatu. Lakini njia za kuwapanga ni 15: mtu wa kwanza ana wenzake watano wa kuchagua, wa kwanza kati ya wanne waliobaki ana watatu, wawili wa mwisho hawana la kuchagua, 5 × 3 × 1. Wakipangwa makundi mawili ya watatu watatu, anayechagua watatu kati ya sita anapata njia 20, lakini makundi yakiwa hayana majina kila mgawanyo umehesabiwa mara mbili, hivyo njia ni 10. Yakiwa na majina, tuseme timu nyekundu na timu ya bluu, zinabaki 20. Mtunzi asiposema kama makundi yana majina, hajamaliza kutunga.

Tunachoomba ni vitu vya kawaida. Ukubwa wa kundi uandikwe kwa kurudia namba, "sita sita" au "6 6", badala ya "kwa 6". Swali lenye baki liseme hatima ya baki: "kila mtu lazima asafiri", "timu pungufu haihesabiwi", "makundi yakaribiane". Kwenye maswali ya kuchagua herufi, chaguzi za mabasi ya askari ziwe 31, 31 baki 12, 31.3 na 32, si namba za kubahatisha kama 27 na 40, ili mwalimu akiona mtoto amechagua ipi ajue amekwama wapi. Na wewe Mhariri, mnapochapisha majibu ya mazoezi ya darasa la saba, msiishie kwenye "12. D". Andikeni "12. D, mabasi 32, kwa kuwa askari 12 wa mwisho wanahitaji basi lao". Nafasi inayoliwa ni nusu mstari.

Walimu wa hisabati,
Morogoro